Koo lina usaha na wewe una pumu: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi

Katikati ya mwaka, mabomba ya salfa yakianza kunguruma kwenye mikorosho ya Tandahimba, Newala na Nanyamba, nusu ya kijiji inakohoa na wenye pumu wanabanwa. Ndipo koo na kifua vinapochanganywa. Mwenye pumu akishindwa kuhema, nyumba nzima ina jibu moja tu: mpe inhela. Anapuliza mara mbili, mara nne, mara nane. Kama ni mirija ya kifua imebana, atapata nafuu. Kama ni jipu limeota kando ya tonsesi, anaweza kumaliza kopo zima na jipu likabaki palepale, likizidi kujaa.

Pumu yenyewe haioteshi jipu kooni. Ila inafanya dalili zake zisomwe vibaya, inabadilisha dawa unazoruhusiwa kumeza, na inakuacha na pumzi kidogo ya akiba koo likianza kuziba. Kwa hiyo tunaanza na kutofautisha, dawa zitafuata.

Hatua ya kwanza: ni koo au ni kifua?

Zima redio, kaa naye karibu, sikiliza anavyohema.

Pumu hubana zaidi hewa ikitoka. Mgonjwa anavuta haraka, kisha anatoa kwa taabu na kwa muda mrefu, na kifuani kuna mluzi mwembamba. Weka sikio lako mgongoni mwake utausikia vizuri. Njia ya juu ikiziba, yaani kooni kwenyewe, kelele inatoka hewa ikiingia: mkwaruzo mkali ambao utausikia hata ukiwa umesimama mlangoni. Watu wengi hutazama kile kishimo cha chini ya shingo kama kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Kitazame, lakini kisikupumbaze, maana pumu kali nayo hukiingiza.

Sasa mwongeleshe. Aliyebanwa na pumu sauti yake ni ileile unayoijua, ila anakatakata maneno kwa kukosa pumzi. Mwenye jipu la tonsesi anaweza kuwa na pumzi ya kutosha, lakini sauti imegeuka, nzito na ya kufumbafumba, kama mtu anayekuitikia salamu na tonge la ugali mdomoni. Mtazame na mate. Mwenye pumu anameza mate yake kama kawaida. Mwenye jipu anayatema kwenye kopo au kitambaa, au yanamchuruzika, kwa sababu kila akimeza maumivu yanapanda mpaka sikioni.

Inhela yenyewe ni kipimo, mradi ipulizwe vizuri. Kupuliza moja kwa moja mdomoni huku mtu anahangaika, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe, itoboe kitako kwa waya uliopashwa moto kwa kufuata umbo la mdomo wa inhela, chomeka inhela hapo, ziba pembeni kwa plasta. Mgonjwa anabana midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja, ahema taratibu mara 4 hadi 6, ndipo ubonyeze tena. Chupa hii ya bure inafanya kazi vizuri, na nashangaa bado haionekani kwenye kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu.

Kwa mtu mzima aliyebanwa, inhela ya salbutamoli (kwa kawaida ile ya bluu) hupulizwa mara 4 hadi 10 kwa mtindo huo, na hurudiwa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza wakati usafiri unatafutwa. Mluzi ukipungua na maneno yakirudi, shida ilikuwa kifuani. Isipobadilika kitu, usiendelee kubonyeza ukingoja muujiza. Ama pumu ni kali kuliko dawa uliyonayo, ama shida iko kooni. Vyote viwili ni vya hospitali.

Jambo moja la hatari ambalo hudhaniwa ni nafuu: mluzi ukipotea ghafla wakati mgonjwa bado anahangaika, amechoka, midomo imebadilika rangi, ujue hewa haipiti tena. Ondokeni hapohapo.

Hatua ya pili: tazama koo

Mkalishe mbele ya dirisha au mlangoni, ukiwa na tochi ya simu na kijiko kilichooshwa. Mwambie afungue mdomo aseme "aaa". Kandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko sehemu ya mbele tu. Ukienda nyuma sana atatapika na wewe hutaona kitu.

Utaona kimeo kimening'inia katikati, na tonsesi mbili, moja kila upande. Zikiwa nyekundu na zimevimba pande zote mbili kwa usawa, hayo ni maambukizi ya kawaida ya koo, hata kama zina madoa meupe ya usaha. Kinachotisha ni upande mmoja kututumka, ile nyama laini ya juu ya tonsesi ikawa imevimba kama puto, na kimeo kikasukumwa upande wa pili. Hilo ni jipu, au liko njiani kuwa jipu. Mara nyingi hutaweza hata kuliona, kwa sababu taya limekaza. Mtu mzima ambaye mdomo wake haufunguki kupitisha vidole vyake viwili, huku koo linamuuma upande mmoja na ana homa, asisubiri kutazamwa zaidi nyumbani.

Kijiko usikitumie kabisa kwa mtoto anayechuruzika mate, amekaa ameinama mbele, na anatoa sauti kila akivuta pumzi. Ukimgusa kooni, njia ya hewa inaweza kufunga palepale mkononi mwako. Mpakate kama alivyokaa, asilazwe chali, mpelekeni.

Hatua ya tatu: hilo koo linauma kwa nini?

Majibu manne yanatosha kwa watu wengi.

*Virusi.* Ndiyo sababu kubwa kuliko zote, kwa wakubwa na watoto. Kuna mafua, kikohozi, sauti imekauka, macho mekundu, pande zote za koo zinawasha. Antibiotiki haiui kirusi. Ila kwa mwenye pumu mafua hayo si kitu kidogo: ndiyo huamsha pumu kuliko kitu kingine. Wengi huacha inhela ya kinga, ile ya kila siku ya kuzuia kubanwa, wakiumwa, eti "dawa zisichanganyike". Hapana. Siku za mafua ndizo unazoihitaji zaidi.

*Bakteria.* Homa, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma ukizigusa, tonsesi zina usaha, na hakuna kikohozi. Dalili hizo nne zikiwa pamoja, hasa kwa mtoto wa miaka 3 hadi 14, uwezekano wa bakteria unapanda. Wakati mwingine mwili ukipambana na bakteria hao huharibu vali za moyo wiki kadhaa baadaye, na hiyo ndiyo sababu dozi hukamilishwa hata koo likiwa limepoa siku ya tatu. Penisilini ya vidonge au amoksilini kwa ugonjwa huu hunywewa siku 10. Atakayeshindwa siku zote hizo aombe sindano moja ya benzathini penisilini kituoni, nayo inatosha. Kununua "nusu dozi" duka la dawa ni kuchezea moyo wa mtoto.

*Salfa, moshi na vumbi.* Salfa ya unga inayopuliziwa kuzuia ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hukereketa macho, pua na koo. Moshi wa kubangulia korosho nao ni mkali, maana mafuta ya ganda lake yanachoma. Koo la namna hii halina homa, linawasha pande zote, macho yanatoa machozi, na linapoa ukiondoka shambani. Mwenye pumu asishike bomba, na kukaa upande ambao upepo unatokea hakumtoshi, kwani upepo wa asubuhi hugeuka. Kama shamba liko nyuma ya nyumba, ongea na jirani akuambie siku atakayopuliza, uhamie kwa ndugu asubuhi hiyo. Udi na ubani ndani ya nyumba vina kesi hiyohiyo, hata kama wageni watakushangaa.

*Fangasi.* Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi, mashavu na kaakaa, unaofutika na kuacha wekundu. Hutokea kwa wanaotumia inhela ya kinga yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) bila kusukutua. Dawa yake ni ya fangasi, kama nistatini ya matone, na si amoksilini, ambayo huuongeza. Kinga yake ni maji: kila ukimaliza kupuliza, sukutua mpaka kooni, tema. Usiache inhela kwa sababu ya utando. Ukirudi tena na tena ingawa unasukutua, pima sukari na pima VVU.

Hatua ya nne: dawa za nyumbani, na zile ambazo mwenye pumu aziogope

Parasetamoli ndiyo ya kwanza. Mtu mzima hunywa miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, kusukutua na kutema, hupunguza maumivu. Uji mwepesi, dafu, asali kwa aliyevuka mwaka mmoja. Kinachopimwa ni mkojo: akishinda mchana kutwa bila kukojoa, maji hayaingii, apelekwe.

Kujifukiza chini ya blanketi na majani ya mkaratusi simshauri mwenye pumu. Mvuke na harufu kali vinaweza kumbana, na sufuria ya maji ya moto juu ya jamvi nayo inaunguza watoto.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi ya wenye pumu kwa ghafla, ndani ya saa moja au mbili baada ya kumeza, hasa watu wazima wenye pua iliyoziba daima. Shida ni kwamba diklofenaki imefichwa ndani ya vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kila kona kama "dawa ya maumivu". Muulize muuzaji: "Hiki kina diklofenaki?" Asipojua, asikuuzie.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao hata wahudumu husahau. Wagonjwa wengi wa pumu bado wanakunywa vidonge vya aminofilini. Kwa dawa hii, kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru viko karibu sana. Ukipewa erithromaisini kwa sababu una mzio wa penisilini, au siprofloksasini, aminofilini inarundikana mwilini: kichefuchefu, kutapika, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, na ikizidi, degedege. Taja aminofilini kabla hujaandikiwa antibiotiki yoyote.

Prednisoloni, steroidi ya vidonge, ni dawa nzuri ya pumu iliyobana ukiandikiwa kwa siku chache. Kuinunua mwenyewe kila koo linapouma ni jambo jingine. Inashusha homa na kupunguza maumivu, unajiona umepona, kumbe jipu linaendelea kujaa chini yake.

Kimeo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pumu na koo vinapokutana vibaya zaidi kwetu pwani.

Mtoto anakohoa kila usiku, alfajiri anazidi, akicheza mbio anakohoa, moshi wa jikoni ukimfikia anakohoa. Anapewa dawa ya kikohozi chupa kwa chupa. Mwisho anafunguliwa mdomo, kimeo kinaonekana kirefu, na shauri linapitishwa: kikatwe. Fundi anakuja na kifaa chake, mtoto anashikwa kichwa na miguu, anakata, anapaka dawa yake, anapewa chake anaondoka.

Kikohozi cha aina hiyo, cha usiku, cha mbio, cha moshi, kinachoondoka na kurudi, mara nyingi ni pumu ambayo haijapewa jina. Kimeo hakina kosa. Kinaonekana kirefu kwa sababu koo limevimba kwa kukohoa, au kwa sababu ndivyo mtoto alivyoumbwa. Kukikata hakugusi mirija ya kifuani hata kidogo, na mtoto ataendelea kukohoa akiwa na kidonda. Kinachoweza kufuata ni damu isiyokata, damu kushuka kwenye njia ya hewa, pepopunda, VVU au homa ya ini kutoka kwenye wembe uliokata wengine, na usaha kuingia kwenye nyama za shingo. Nimesema jipu haliletwi na pumu. Kwa mlango huu pumu isiyotambuliwa inaweza kulileta.

Kubishana na wazee hakusaidii, maana wanaoshauri hivyo wanampenda mtoto kuliko anavyopendwa na mtu mwingine yeyote. Omba muda. "Bibi, nimekusikia. Naomba kwanza nimpeleke akapimwe kifua, majibu nitakuletea wewe mwenyewe." Kituoni sema waziwazi kwamba anakohoa usiku na akikimbia, na uliza kama ni pumu, kwa sababu mchana kifua chake kinaweza kuwa kimya kabisa. Na kama kimeo kimeshakatwa na sasa mtoto ana homa, hamezi au shingo imekaza, usimfiche daktari kwa aibu. Neno hilo moja litamwokolea muda.

Mwiba wa samaki

Kwa watu wa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini hii haihitaji maelezo mengi. Mwiba ukikwama, usiusukume kwa tonge la ugali wala ndizi. Mara nyingine unashuka kweli, mara nyingine unatoboa ukuta wa koo, na siku chache baadaye jipu linaota nyuma ya koo ambako tochi ya simu haifiki. Maumivu ya mwiba yasiyoisha kufikia kesho yake, au yanayokuja na homa na shingo kukaza, ni ya hospitali. Vivyo hivyo jino bovu la chini likifuatiwa na uvimbe mgumu chini ya kidevu na ulimi kuinuka: hilo hufunga koo kwa haraka kuliko jipu la tonsesi.

Hatua ya tano: safari

Ondoka mara moja ukiona hata mojawapo kati ya haya: mdomo haufunguki, mate hayamezeki, sauti imefumba, koo limevimba upande mmoja, shingo haigeuki, kuna mkwaruzo wakati wa kuvuta pumzi, au inhela haisaidii.

Mgonjwa akae wima au ainame mbele, asilazwe. Usimlazimishe kula njiani, kwa sababu akihitaji usingizi wa operesheni tumbo linatakiwa kuwa tupu. Beba inhela zote, chupa yake, na maganda ya dawa zote alizomeza wiki hiyo, hata zile za kuona haya.

Zahanati inaweza kuanza sindano ya antibiotiki na kuandika rufaa, lakini jipu la koo halipasuliwi zahanati. Kwa Mtwara mjini na jirani zake kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Watu wa Masasi wana Ndanda, na wa Mtama wana Nyangao. Mwombe anayekupa rufaa apige simu kuuliza kama mtaalamu wa koo, pua na masikio yupo, usije ukapelekwa mahali ukaambiwa uende kwingine. Kutoka Liwale wakati wa mvua barabara peke yake inaweza kula siku, kwa hiyo huko dalili za jioni zisisubiri asubuhi.

Hospitalini

Sema sentensi hii kabla hujaulizwa: "Nina pumu, natumia dawa hizi, diklofenaki au penisilini imewahi au haijawahi kunidhuru, na prednisoloni nilikunywa mara ya mwisho wakati fulani." Ya mwisho ina uzito: aliyekunywa steroidi kwa muda mrefu, mwili wake unaweza kushindwa kuhimili operesheni bila kuongezewa dawa hiyo.

Jipu kando ya tonsesi kwa mtu mzima kwa kawaida hutolewa ukiwa umekaa na uko macho. Koo linatiwa ganzi, sindano inaingizwa, usaha unavutwa, au panachanjwa kidogo. Ladha yake ni mbaya na harufu yake mbaya zaidi, lakini wengi huanza kumeza mate yao siku hiyohiyo. Watoto na wenye jipu la ndani zaidi hupewa usingizi. Ukibanwa wakati wa maandalizi nyoosha mkono, usivumilie kwa heshima. Antibiotiki huanza kwa sindano, mara nyingi pamoja na metronidazo, kisha vidonge mpaka zitimie siku 10 hadi 14.

Baada ya kutoka

Ndani ya siku mbili unatakiwa kufungua mdomo zaidi na homa iwe imeshuka. Ikirudi, au upande ukavimba tena, rudi bila kungoja tarehe ya kliniki, kwani usaha hujaa upya kwa baadhi ya watu. Inhela ya kinga irudi siku uliyoanza kumeza, na kusukutua baada yake.

Operesheni ya kutoa tonsesi hufikiriwa kwa aliyepata jipu zaidi ya mara moja, au tonsesi zikimuumiza mara 7 ndani ya mwaka mmoja. Haifanywi koo likiwa bado bichi, kwa kawaida husubiriwa kama wiki 6. Kwa mwenye pumu naongeza sharti la kwetu: ukipewa nafasi ya kuchagua tarehe, usichague Juni hadi Septemba kama unakaa katikati ya mikorosho. Kidonda cha koo na salfa havikai pamoja, na mtaalamu wa usingizi atataka kifua kiwe kimetulia kwa wiki kadhaa kabla hajakulaza. Mwambie daktari lini kwenu mnapuliza, kwa sababu aliyehamia kutoka mikoa mingine huenda hajui.